Kobe wa Bi Mize Ndani ya Kabati Langu

Wifi yangu Dorkasi hajawahi kushindwa na kifaranga. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nasimulia habari za mtu asiyejua kazi. Mwaka wa kumi na tisa huu analea vifaranga wa siku moja hapa Maramba, mia tatu kwa mkupuo, na wakimfia wanne anakaa na sura ya msiba wiki nzima. Baba yake alikuja pwani kukata mkonge na hakuacha shamba wala ng'ombe. Aliacha watoto wawili wabishi: Dorkasi, na mdogo wake Godlisten aliyenioa mimi. Tunaishi ua mmoja, nyumba yake huku, yetu kule, mabanda ya kuku katikati. Mimi ni fundi cherehani, nakaa barazani, na kila kinachoingia uani nakiona kabla ya mwenyewe.

Siku kobe alipoingia, mwezi wa sita, nilikuwa nakata sketi za shule.

Alibebwa ndani ya kikapu na Bi Mize, Mpemba anayeuza kuku wa kukaanga Ngamiani, kule Tanga mjini. Ni mteja wa wifi wa siku nyingi, mtu mzima kutuzidi sote, mkali wa maneno lakini mkweli. Kila msimu wa karafuu huvuka kwenda Pemba kuchuma na ndugu zake, akakaa miezi miwili na zaidi. Kobe alikuwa akimwachia jirani, na mwaka huu jirani kahama.

"Dorkasi," alisema, hata hajakaa, "nimefikiri mji mzima. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye kiumbe hakimfii mkononi. Nakuachia amana."

Alimpata kobe huyo mwaka alioolewa, akiwa mdogo kama kitumbua. Mume akaondoka, nyumba ikauzwa, kobe akabaki. Kibali chake cha maliasili amekitia kwenye mfuko wa plastiki, akakitoa akatuonyesha mhuri. Jina lake Sheha, kama kwao Pemba wanavyomwita kiongozi wa mtaa, kwa sababu, alivyosema Bi Mize, hupita kila mahali akikagua na hakuna analolitenda. Wifi alicheka, akampokea kwa mikono miwili kama anavyopokea sahani ya sadaka kanisani.

"Baridi tu," Bi Mize alisema akiondoka. "Huku kwenu kunashuka ubaridi wa mlimani. Umkinge na baridi, mengine anajua mwenyewe."

Neno hilo la baridi ndilo lililotuponza.

Uani hakukuwezekana. Kuku hudonoa kila kinachong'aa, na jicho la kobe linang'aa. Basi Dorkasi alimweka kwenye chumba cha kulelea vifaranga, ndani ya bruda. Kwa asiyeijua, bruda ni duara la hadibodi lililosimamishwa sakafuni, chini maranda ya mbao, juu balbu zinaning'inia. Ni duara kwa sababu kifaranga akipata kona hujibana humo na wenzake wakamkanyaga akafa. Joto linatakiwa lienee sawasawa, kila mahali, pasiwe na pembe ya baridi. Wifi anajua kulisawazisha joto hilo kuliko ninavyojua mimi kupiga pindo. Tena vifaranga humwambia. Wakisikia baridi hujazana chini ya taa, wakisikia joto hukimbilia ukingoni na kuachama midomo, na wakitawanyika wakala kwa utulivu, umepatia.

Akawasha balbu mbili za wati mia, akatundika kipimajoto chake usawa wa kifaranga, akakisoma: nyuzi thelathini na nne. Akasema vizuri.

Sheha alizunguka ukingo wa bruda siku nzima. Siku ya pili akazunguka tena, akawa anakwaruza hadibodi kwa kucha. Nilipita na chai yangu nikamwambia wifi kwamba mgeni wake anatafuta mlango. Akasema anakagua. Siku ya tatu akaacha kuzunguka.

"Umeona?" Dorkasi alisema, na uso wake ulikuwa na furaha kweli. "Ametulia. Amezoea."

Siku ya tano alikuwa bado ametulia, na matembele aliyowekewa yamenyauka mbele yake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Usambara mpaka kwenye mabanda. Dorkasi akasema kumbe ni baridi, ndiyo maana hatembei. Akaongeza balbu ya tatu. Nakumbuka nilimpongeza, na hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu mdomo wangu hupinga kila kitu isipokuwa siku unapotakiwa kupinga.

Siku ya saba alitokwa na povu puani. Macho yamezama. Dorkasi alimwinua mguu wa mbele, akauachia, ukaanguka wenyewe. Akampakata, akamweka kwenye mizani ya kuku. Alikuwa ameingia kwetu na kilo nne na robo. Sasa alikuwa kilo tatu na robo tatu.

Bwana mifugo wetu alikuja kwa pikipiki, akamtazama, akavua kofia.

"Mama Dorkasi, mimi ng'ombe, mbuzi na kuku. Huyu sikusomeshwa, na sitakudanganya." Akampa namba ya kijana mmoja wa Mwera, upande wa Pangani, aitwaye Luqmani, anayefuga kobe kwa kibali.

Kwenye simu Luqmani hakuuliza anakula nini wala ana umri gani. Aliuliza, "Mgongoni kwake kuna nyuzi ngapi?"

Kipimajoto cha Dorkasi kilikuwa usawa wa kifaranga, vidole vitatu kutoka sakafuni. Gamba la Sheha linapanda juu zaidi ya shubiri, karibu kabisa na balbu. Alikilaza kipimajoto juu ya gamba, pale Sheha alipokuwa amelala siku nzima, akasubiri. Nyuzi arobaini na nne. Aliisoma kwa sauti kwenye simu, halafu akaketi juu ya ndoo.

"Zima taa zote sasa hivi," Luqmani alisema. "Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yamfike kidevuni, asizame. Halafu kesho njoo uone, mama. Haya mambo kwa simu hayaingii."

Dorkasi alikwenda, nami nikamsindikiza. Nilisema ni kwa ajili ya kumsaidia, lakini ukweli ni umbea. Godlisten tulimwachia beseni.

Luqmani alitupokea kwa shikamoo, akatupa viti, akatuambia tukae tuangalie tu. Tukakaa kutwa nzima. Asubuhi kobe wake walikuwa wamejipanga kwenye ukuta unaopigwa na jua, miguu imenyooshwa. Jua lilipokomaa, mmoja mmoja akaondoka kwenda chini ya kichaka. Alasiri wakarudi kula. Hakuna aliyewaswaga.

"Kwa hiyo mimi nilimfungia wangu juani," Dorkasi alisema.

"Kuku ana joto lake mwilini, mama," Luqmani alimjibu kwa upole. "Unamsaidia tu mpaka aote manyoya. Kobe hana la kwake. Analiokota kwa miguu. Anakwenda hapa anaokota, likizidi anakwenda pale anapoa. Wewe ulimpa joto jingi na hukumwachia pa kwenda."

Hapo ndipo tulipokielewa chumba cha Bi Mize cha Ngamiani, tulichokiona kila tulipompelekea kuku. Mlango wake uko wazi kutwa, uani jua, chini ya kitanda saruji baridi, na Sheha anakwenda na kurudi. Bi Mize hakutuambia kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuambiwa.

Sasa niseme jambo langu la aibu. Pale Mwera nilimwona kobe mmoja, madoa yale yale, ukubwa ule ule. Njiani kurudi nilimnong'oneza wifi kwamba kobe wote sura moja, na Sheha akifa, kuna njia ya Bi Mize kurudi akakuta kobe. Dorkasi alitazama dirishani mpaka tukashuka Tanga.

"Loveness," alisema tulipokanyaga chini, "Bi Mize nitamrudishia Sheha. Akifa nitamrudishia gamba la Sheha. Hilo neno lako usilirudie kwangu wala kwa Godlisten."

Sikulirudia. Niliona haya kwelikweli, mimi ambaye hubishana hata na mchungaji.

Kesho yake nilitoka sokoni nikakuta kabati langu la harusi limelazwa chali kwenye chumba cha vifaranga, milango imeng'olewa. Vitambaa vya wateja vilikuwa kitandani kwangu, vimekunjwa vizuri kuliko nilivyovikunja mimi. Nilifoka. Nilisema mambo ya wifi na mambo ya ukoo mzima. Yeye akaendelea kumwaga udongo na mchanga ndani ya kabati langu.

"Duara halifai," alisema. "Anataka urefu. Kabati lako lina urefu wa mtu. Ukimaliza kufoka nishikie mnyororo huu."

Nikamshikia. Upande wa kichwa alining'iniza balbu moja, kwa mnyororo, ili aipandishe na kuishusha pete moja moja. Upande wa miguu aliweka nusu ya chungu kilichovunjika, kimefunikwa na udongo wenye unyevu, kiwe pango. Kipimajoto alikifunga kwenye kijiti chenye kimo cha gamba, akakisogeza kabati zima akisoma kila shubiri. Chini ya taa alitaka thelathini na tatu, pangoni ishirini na tano, na usiku, taa ikiwa imezimwa, pasishuke chini ya ishirini.

Kuyataka si kuyapata. Bati letu halina dari. Asubuhi chumba kilikuwa nyuzi kumi na tisa, ukungu umeingia mpaka ndani. Saa sita jua likipiga bati, chumba chenyewe, bila taa, kilifika thelathini na moja, na pale pangoni pakawa hakuna tena pa kupoa. Basi asubuhi taa chini, saa nne juu pete tatu, saa sita imezimwa na gunia lililoloweshwa maji linatandikwa juu ya bati, saa kumi inawashwa tena. Dorkasi aliagiza wale vifaranga wake mia tatu wasiletwe mwezi huo, maana chumba kina mgonjwa. Mazoezi ya kwaya aliacha. Wenzake walimtuma mtu kuuliza kama anaumwa.

Kila asubuhi beseni, dakika ishirini. Kila asubuhi mizani. Alishuka mpaka kilo tatu na nusu, akasimama hapo. Povu likakauka, lakini hakula. Juu ya gamba, pale paliposimama balbu, palibabuka pakawa peupe, ukubwa wa kifuniko cha soda. Dorkasi alikuwa akipagusa kila siku kama mtu anayejikumbusha.

Katikati ya mwezi wa saba nguzo ya umeme ilianguka na mvua, tukakaa gizani siku nne. Nilimwambia alete jiko la mkaa chumbani, kama anavyofanya kwa vifaranga umeme ukikatika. Akakataa, akasema mapafu yaliyotoa povu hayatiwi moshi. Akawasha jiko nje, akachemsha maji, akajaza madumu, akayazungushia mabaki ya vitambaa vya sketi na kuyapanga upande wa kichwa tu. Upande wa miguu akauacha ubaki na baridi yake. Dumu linapoa kwa saa mbili, kisha lingine. Siku ya pili nilijikuta nimekaa mimi jikoni nachochea mkaa, nimeacha sketi za watu, na mteja aliponiuliza nafanya nini nikamjibu kwamba kobe wetu anaumwa. Kobe wetu. Nililisikia neno likitoka na sikulirudisha.

Umeme ulirudi Jumanne. Alhamisi asubuhi Sheha alitoka pangoni mwenyewe, akatembea urefu wote wa kabati, akasimama chini ya taa, akanyoosha shingo. Baada ya robo saa akageuka, akafika katikati kwenye matembele, akafungua mdomo. Alikata jani moja. Akalitafuna kwa muda ambao mimi ningemaliza sahani ya ugali. Dorkasi alikuwa amepiga magoti, amenishika mkono, na ananifinya hadi naumia, lakini sikuutoa.

Tangu hapo alikula. Mwisho wa mwezi wa nane alikuwa na kilo nne na kidogo, anatembea kutwa.

Bi Mize alikuja Jumamosi, bajaji inamsubiri barabarani, kifurushi cha karafuu mkononi. Dorkasi hakumwacha afike mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Hamjambo? Yu wapi mtu wangu?"

"Yupo, mzima. Lakini kabla hujamwona nisikilize. Nilimlea kama kifaranga. Nilimzungushia joto kila upande siku saba, hana pa kukimbilia, nikidhani namkinga na baridi. Nusura nimuue. Mgongoni ana alama, na haitatoka."

Nilitaka kudakia. Nilitaka kueleza Mwera, na kabati, na madumu. Dorkasi alinikata jicho.

Bi Mize aliingia ndani. Sheha alikuwa anavuka katikati ya kabati. Akamwinua, akampitishia kidole pale peupe, mara moja, mara ya pili.

"Mie nilikwambia umkinge na baridi," alisema taratibu. "Sikukwambia umchome."

"Kweli, Bi Mize."

Akamtia kikapuni. Chai ilikuwa imeshamiminwa, hakuigusa. Alipita barazani akaacha kifurushi cha karafuu kwenye benchi, bila kusema ni cha nani, akapanda bajaji akaenda.

Mimi nilichemka. Siku zote zile za beseni na mnyororo, hata asante hakuna. Nilimwambia wifi kwamba angekaa kimya, alama yenyewe Bi Mize angedhani ni uzee. Dorkasi alikuwa anaosha vikombe visivyonywewa.

"Amemkuta anatembea," alisema. "Nilichotaka ni hicho. Na nimeumia, Loveness, kwa hiyo leo usiniongeleshe."

Wiki nzima alikuwa hivyo. Anaamka alfajiri, anaingia chumba cha vifaranga, anatoka. Vifaranga wapya walikuwa tayari kuletwa, akasema bado. Mimi nilijua anamkosa Sheha, na nilijua zaidi anaikosa ile heshima ya kuwa mtu ambaye kiumbe hakimfii mkononi.

Siku ya nane simu yake ililia. Spika yake ya sikioni ilikufa zamani, hupokea kwa sauti ya nje, kwa hiyo uani kote tulisikia. Bi Mize hakutoa salamu, na Mpemba asipotoa salamu ujue ana jambo.

"Tokea juzi hali kitu. Mlango nimeufunga naogopa upepo, na jiko nimemwekea. Kajikunja tu. Wewe ulimzoesha vipi? Njoo."

Simu ikakatika. Nilimwambia asiende. Nilimwambia mtu aliyeacha chai yako ipoe aje mwenyewe akuombe. Dorkasi alikuwa ameshafika chumbani, anafungua kipimajoto kutoka kwenye kijiti, na basi la kwanza lilipoondoka Maramba yumo ndani.

Alilala Ngamiani siku mbili. Aliporudi nilimfuata mpaka mabandani, maana sikuweza kungoja avue viatu.

Chumba cha Bi Mize kilikuwa nyuzi thelathini na nane, alinieleza. Ile alama ya kubabuka ilimtia Bi Mize hofu hata asijue anaogopa nini, joto au baridi, akafunga kila kitu. Dorkasi alitoa jiko nje, akafungua mlango wa uani, akanyunyiza maji chini ya kitanda. Halafu akampimia Bi Mize kila mahali, juani, kizingitini, chini ya kitanda, na yule mama mtu mzima akamfuata nyuma akiinama kusoma namba, akiuliza na hii je, na hii je. Saa kumi Sheha alitoka kwenda uani. Asubuhi yake alikula.

"Alikuomba radhi?" niliuliza.

"Hapana. Sikumdai."

"Sasa alisema nini?"

Dorkasi alichota pumba kwenye ndoo, akanigeuzia mgongo, akaanza kuwamwagia kuku.

"Alinisindikiza mpaka stendi. Nilipopanda akaja dirishani. Kasema mwakani, karafuu zikiiva, atamleta tena."

Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kuku walimjaa miguuni naye akaendelea kumwaga pumba mahali pale pale. Nikamwacha alie.